Pesa ya Kadi Si M-Pesa: Kuchagua Kampuni ya Kupokea Malipo ya Biashara Ndogo Mtandaoni



Karibu kila mkutano wetu wa mwezi ukiisha kuna mtu ananivuta pembeni. Huyu anataka kuuza vikapu vya ukili, yule dada yake anashona mikoba ya vitenge, mwingine ana shanga za Kimaasai kabati zima. Tovuti wameshatengeneza, picha zinavutia, na swali ni lile lile: "Kaka, nitumie kampuni gani kupokea hela za wateja? Ipi inakata kidogo?" Kwa kuwa nauza khanga mtandaoni tangu nilipomaliza masters, wahariri wameniomba niliandike jambo hili mara moja, wote wasome.

Basi nianze kwa kusema kwamba "ipi inakata kidogo" ni swali zuri, lakini siyo la kwanza. La kwanza ni hili: mteja akishalipa, ile pesa ni ya nani, na itakuwa yako kweli kuanzia lini?

AHADI, SIYO PESA

Sisi tuliokulia nyumbani tumezoeshwa na simu. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, Tanzania ikafuata 2008, na tangu hapo muuza samaki pale Feri hahitaji somo la uhasibu. Simu inalia, anasoma meseji, anakufungia changu wako, mwendo. Wapo wajanja wanaopiga simu huduma kwa wateja kuomba muamala urudishwe, hilo lipo, lakini kwa kawaida meseji ikiingia biashara imeisha. Pesa imeshapata mwenyewe mpya.

Kadi haiendi hivyo. Mteja wako wa Birmingham akibonyeza "lipa", unapata barua pepe kwamba umeingiza pauni 18. Ile barua pepe siyo meseji ya M-Pesa. Ni ahadi. Chini ya kanuni za Visa na Mastercard, mteja kwa kawaida ana hadi siku 120 za kwenda benki kwake na kusema: kadi yangu iliibiwa, mzigo haukufika, umefika siyo niliouagiza, au hata "sikumbuki kununua kitu kama hiki". PayPal wao wanampa mteja siku 180 kufungua malalamiko. Yaani mtu aliyenunua khanga kwa ajili ya Idi el-Fitri anaweza kuidai pesa yake Idi el-Haji ikiwa imeshapita na nyama imeshaliwa.

Akidai, pesa inaondolewa kwanza upande wako, halafu ndipo unaulizwa una la kujitetea. Wenyewe wanaita chajibeki, na mimi nitaita hivyo hivyo maana sijaona Kiswahili chake kilichozoeleka. Ukishinda, unarudishiwa. Ukishindwa, khanga imekwenda, pauni 18 zimekwenda, nauli ya posta imekwenda, na juu yake unatozwa ada ya usumbufu.

Sasa jiulize: kama umepokea pauni 1,000 leo, hukutuma kitu, ukakata tiketi ukarudi zako Bongo, hawa wateja watalipwa na nani? Watalipwa na ile kampuni uliyoichagua. Kwa hiyo siyo bomba la kupitishia maji tu, ni mdhamini wako. Ukilishika hili moja, mambo mengi yanayowaudhi watu yataeleweka: kwa nini wanazuia pesa, kwa nini wanadai karatasi, kwa nini wanauliza unauza nini na unanunua wapi. Mdhamini gani asiyeuliza maswali?

WANAKUKAGUA UKIWA UMESHAINGIA SEBULENI

Zamani, mtu akitaka kupokea kadi alikwenda benki kuomba akaunti ya mfanyabiashara. Fomu, mahojiano, mkataba, ada ya kila mwezi uuze usiuze. Wauzaji wadogo walikuwa hawapiti pale mlangoni. PayPal, iliyoanza 1998, na baadaye Stripe, iliyoanzishwa 2010 na ndugu wawili wa Ireland, Patrick na John Collison, zikaja na utaratibu mwingine. Kampuni yenyewe ina mkataba na wenye mtandao wa kadi, halafu inawakusanya wauzaji wadogo wengi chini ya paa lake. Wewe unajaza jina, anwani, pasi na akaunti ya benki, na ndani ya dakika chache unapokea malipo.

Raha tupu. Lakini ukaguzi haukufutwa, umesogezwa mbele tu. Benki ya zamani ilikukagua mlangoni, hawa wanakukagua ukiwa umeshakaa sebuleni na chai mkononi. Wanakukagua pesa zinapoanza kuingia, hasa zikiingia kwa namna ambayo kompyuta yao haikuitegemea.

Mimi lilinikuta mwaka juzi, mwezi wa Ramadhani. Kampuni yenyewe sitaitaja. Kwa kawaida nilikuwa nauza doti nane au tisa kwa wiki. Siku kumi kabla ya Idi, dada mmoja akaweka picha za khanga zangu kwenye kundi la WhatsApp la akina mama, na ndani ya siku nne zikaondoka doti 60. Pauni 1,080. Usiku wa siku ya nne ikaja barua pepe: akaunti yako iko chini ya uchunguzi, malipo kwenda benki yamesimamishwa. Wateja wanataka khanga kabla ya Idi, muuzaji wangu wa jumla Kariakoo anataka chake, na pesa naiona kwenye skrini kama samaki ndani ya chupa.

Walitaka pasi, uthibitisho wa anwani, namba za posta za mizigo, na ankara za mahali ninaponunua. Kilichonisaidia ni risiti za EFD. Wale mnaowakasirikia wenye maduka wasiotoa risiti, mna haki. Nilikuwa nazo zote, zenye namba ya mlipakodi, tarehe na idadi ya doti. Mchunguzi akauliza zimeandikwa lugha gani, nikamtafsiria mstari kwa mstari. Siku ya 19 pesa ikaachiwa. Wateja walipata khanga zao kwa wakati kwa sababu tu nilikuwa na akiba ya kulipia posta kutoka mfukoni. Asiye na akiba angefanyaje?

Nilikasirika, sikatai. Lakini ukiwa upande wao, muuzaji mdogo ambaye mauzo yake yanaruka mara saba kwa wiki moja anafanana kabisa na mwizi anayejiandaa kutoroka.

Kwa hiyo kabla hujajiunga na kampuni yoyote, soma sehemu inayohusu kuzuia pesa. Siyo ukurasa wa bei wenye picha za watu wanaocheka, bali masharti yenyewe. Stripe kwa akaunti mpya kwa kawaida hupeleka pesa ya kwanza benki baada ya siku 7 hadi 14, halafu hapa Uingereza inakuwa kama siku tatu za kazi. PayPal inaweza kumshikia muuzaji mgeni hadi siku 21, na ikimfungia mtu akaunti masharti yake yanairuhusu kukaa na salio hadi siku 180. Nusu mwaka, jamani! Mwanafunzi anayetegemea hiyo pesa kulipia chumba hawezi kusema hilo ni jambo dogo kwa sababu makato ni madogo.

Ukijua kwamba mauzo yatapanda, labda kuna Idi, Krismasi au tamasha, waandikie kabla. Mistari mitatu inatosha: nauza nini, natarajia kiasi gani, kwa nini. Nafanya hivyo kila mwaka sasa na sijazuiwa tena.

Halafu usiigeuze kampuni ya malipo kuwa kibubu. Weka utaratibu wa pesa kwenda benki yenyewe kila siku au kila wiki. Juni 2020 Ujerumani kulitokea kioja cha Wirecard, kampuni kubwa tu ya malipo, iliyokiri kwamba euro bilioni 1.9 zilizokuwa kwenye vitabu vyake pengine hazijawahi kuwepo. Tarehe 25 mwezi huo ikaomba ufilisi. Kesho yake FCA, mamlaka ya hapa Uingereza inayosimamia shughuli za fedha, ikasimamisha tawi lake la Uingereza, na watu waliokuwa na kadi na akaunti za kampuni nyingine kabisa, zilizokuwa zinapitia kwa Wirecard kimya kimya, wakajikuta hawawezi kununua hata mkate. Vikwazo viliondolewa baada ya siku chache, pesa zilikuwepo. Lakini siku chache bila mkate ni nyingi.

SASA TUPIGE HESABU

Haya, tuje kwenye makato. Natumia bei zilizotangazwa kwa Uingereza mwaka 2025. Zinabadilika, kwa hiyo ziangalie upya siku unayojiunga.

Stripe kwa kadi ya kawaida ya Uingereza ilikuwa asilimia 1.5 na peni 20. Kadi ya nje ya Ulaya, asilimia 3.25 na peni 20. PayPal, asilimia 2.9 na peni 30, na mteja akiwa nje ya Ulaya unaongeza asilimia 1.99. Wenzetu wa Marekani wasishangae: kwao Stripe ni asilimia 2.9 na senti 30. Hapa kuna sheria, iliyotoka Umoja wa Ulaya 2015, inayoweka kikomo cha kile benki ya mteja inachojichukulia kwenye kadi ya mtu binafsi: asilimia 0.2 kwa kadi ya akaunti na 0.3 kwa kadi ya mkopo. Ndiyo maana makato yameshuka.

Chukua doti moja ya pauni 18, posta ikiwemo. Stripe watakata peni 47, PayPal peni 82. Tofauti peni 35. Ukiuza doti 40 kwa mwezi, hiyo ni pauni 14. Siyo kidogo kwa mwanafunzi, lakini siyo ya kukukosesha usingizi.

Angalia zile peni 20 na 30 zisizobadilika, hizo ndizo zinazomla mtu anayeuza vitu vidogo. Bangili ya pauni 3 kwa Stripe inakatwa peni 24 na nusu, yaani asilimia 8. Kwa PayPal karibu peni 39, asilimia 13! Dawa yake ni kufunga bangili tano kwa pauni 15: sasa kwa Stripe unakatwa peni 42 na nusu kwa zote, chini ya asilimia 3. Mwenye shanga, hapo hukubadilisha kampuni, umebadilisha kifungashio tu.

Sasa weka chajibeki moja kwenye hesabu hiyo. Doti imenigharimu pauni 9 mpaka kufika hapa, posta pauni 4, makato peni 47. Faida yangu ni pauni 4.53. Mteja akikana muamala na nikashindwa, pauni 18 zinarudi kwake, khanga na posta zimekwenda, na Stripe walikuwa wanatoza pauni 20 kwa kila chajibeki. Jumla nimepoteza pauni 33.47. Nahitaji kuuza doti nane nyingine bila tatizo ili nirudi nilipokuwa. Na ile tofauti ya peni 35 kati ya kampuni mbili? Ingehitaji mauzo 96 kufikia hasara ya chajibeki hii moja. Ndiyo maana nasema anayeuliza makato peke yake anapima unga na kusahau moto.

Kwa bahati nzuri chajibeki nyingi zinazuilika. Zile za kadi za wizi, hakikisha kampuni yako inampitisha mteja kwenye uthibitisho wa benki yake, ile namba inayokuja kwenye simu au kubonyeza "kubali" kwenye programu ya benki. Hapa Uingereza utaratibu huo ulianza kusimamiwa kikamilifu kwa manunuzi ya mtandaoni tarehe 14 Machi 2022. Mteja akishathibitisha kwa njia hiyo, dai la "kadi yangu iliibiwa" kwa kawaida linabebwa na benki yake, siyo wewe.

Zile za "mzigo haukufika", tuma kwa posta yenye namba ya kufuatilia na uitunze namba hiyo kwa miezi sita. PayPal wana ulinzi wa muuzaji kwa madai ya aina hii, ila uwe umetuma kwenye anwani ile ile iliyoko kwenye muamala. Mteja akikuambia kwa WhatsApp "naomba utume kwa shangazi", ulinzi umepeperuka. Mrudishie pesa, anunue upya kwa anwani ya shangazi.

Zile za "sikumbuki" zinatokana na jina. Angalia ni jina gani litatokea kwenye taarifa ya benki ya mteja. Kama duka linaitwa Khanga za Pwani na taarifa ya benki inaandika jina lako la tatu la pasi, mama wa watu ataona jina la mwanaume asiyemjua amechukua pauni 18. Mumewe naye ataona! Atapiga simu benki kabla ya kukupigia wewe. Jina hilo unaliweka mwenyewe kwenye mipangilio, na Stripe wanakupa nafasi ya herufi 5 hadi 22.

Kuna na wale wanaofika benki kwa sababu muuzaji amegoma kurudisha pesa. Hapa sheria iko upande wa mteja: kwa kanuni za 2013, aliyenunua mtandaoni ana siku 14 tangu apokee mzigo kubadili mawazo bila kutoa sababu, na unamrudishia pamoja na posta ya kawaida ya kumpelekea. Kilichoshonwa kwa vipimo vyake hakimo. Kumrudishia kwa hiari kunanigharimu pauni 4.47, yaani posta na yale makato ambayo kampuni hizi hazirudishi, na khanga yangu inabaki kuuzika. Kugombana naye, pauni 33.47. Chagua.

Na tafadhali, ile tabia ya kuandika "ukilipa kwa kadi ongeza pauni moja" iacheni. Tangu 13 Januari 2018 ni marufuku hapa kumtoza mteja wa kawaida ziada kwa sababu analipa kwa kadi au PayPal. Ingiza makato kwenye bei yako. Vilevile kumwambia mteja wa PayPal achague "ndugu na marafiki" ili ukwepe makato ni kuvunja masharti yao, mteja hana kinga yoyote, na salio lako linaweza kuzuiwa. Peni 82 hazifai kukufungia akaunti.

AKAUNTI KWA JINA LA NANI?

Hapa nitasema taratibu, maana ndipo penye hatari kubwa kuliko pauni yoyote.

Kwa mwenye visa ya mwanafunzi hapa Uingereza: visa hiyo hairuhusu kujiajiri wala kufanya biashara. Zile saa zako 20 za kubeba boksi kwa wiki ni za kuajiriwa, siyo za kuwa bosi. Ukifungua akaunti ya kupokea malipo kama mfanyabiashara binafsi, umejiandikia ushahidi wenye tarehe, saa na kiasi. Visa ya wahitimu, ile unayochukua baada ya kumaliza, inaruhusu kujiajiri, na mimi ndiyo niliyonayo. Wenye kibali cha kudumu na raia hawana shida. Kwa wengine wote, nenda ofisi ya ushauri ya wanafunzi wa kimataifa ya chuo kabla hujabonyeza "fungua akaunti". Hawakutozi kitu.

Njia ya mkato ninayoisikia ni "nitatumia akaunti ya rafiki yangu mwenye makaratasi". Rafiki huyo ndiye atakayeonekana amepata mapato yale. Chajibeki zitamwangukia yeye, na kodi pia. Hapa mtu akiingiza zaidi ya pauni 1,000 kwa mwaka wa kodi kutokana na biashara ndogo, kwa kawaida anatakiwa kujiandikisha. Kiasi hicho kinahesabiwa kabla ya makato: ni pauni 18, siyo 17.53. Na tangu Januari 2024 masoko kama eBay na Etsy yanatakiwa kuwapelekea watu wa kodi taarifa za muuzaji aliyefikisha mauzo 30 au kupita euro 2,000 kwa mwaka. Urafiki utaisha kabla ya khanga.

Kuna na mlango wa pili: biashara ni ya ndugu aliyeko nyumbani na wateja ndio wako huku. Hili ni jambo halali kabisa, ila basi iwe ya ndugu kweli, na akaunti iwe yake. Tatizo ni kwamba mwenye biashara iliyosajiliwa Dar au Kampala hafungui Stripe kwa anwani ya kule. Kenya wanayo nafuu, maana mwenye PayPal huko anapokea malipo na tangu 2018 anaweza kuyatoa kupitia M-Pesa. Kwa wengine zipo kampuni za kwetu. Pesapal ilianza Nairobi 2009 na inafanya kazi Kenya, Uganda na Tanzania, na ipo DPO na Flutterwave. Zinapokea kadi za nje na simu za nyumbani kwa pamoja, jambo ambalo wakubwa wa huku hawaliwezi vizuri. Waulize maswali yale yale: mnashika pesa siku ngapi, chajibeki ni ya nani.

Na hata mwenye haki zote, angalia majina. Wengi wetu pasi ina jina letu, la baba na la babu, benki ya hapa imeandika mawili, chuo kimeyageuza, na kwenye akaunti ya malipo umejiita kwa jina la utani. Kompyuta haijui mambo ya babu. Inaona watu watatu. Yaandike yote kama yalivyo kwenye pasi, herufi kwa herufi, kuanzia siku ya kwanza.

MIMI NINAVYOFANYA

Sina kampuni moja. Tovuti yangu ina vitufe viwili. Cha kwanza ni cha kadi kupitia Stripe, kwa sababu wateja wangu wengi wana kadi za hapa na makato ni madogo. Namba ya kadi mteja anaiandika kwenye ukurasa wa Stripe wenyewe, mimi siioni, wala sitaki kuiona. (Anayepokea namba za kadi za wateja kwa WhatsApp aache leo.) Cha pili ni PayPal. Najua inakata zaidi, lakini mama zangu wa Muscat na Toronto wanaiamini, na mteja akiogopa kulipa huna mauzo ya kukatwa. Faida nyingine ya vitufe viwili ni kwamba kimoja kikizuiwa, duka halifungwi.

Kwa watu tunaojuana hapa mjini natuma namba ya akaunti ya benki, wanahamisha, inafika papo hapo bila makato na bila chajibeki. Hiyo ndiyo M-Pesa ya huku. Ila mgeni usimlazimishe njia hiyo, atakudhania tapeli, na huwezi kumlaumu. Na iwe akaunti ya biashara, maana benki nyingi haziruhusu biashara kwenye akaunti binafsi. Kwenye meza yetu ya tamasha nina kile kidude cha SumUp cha kugusia kadi: asilimia 1.69, hakuna ada ya mwezi, na siku mvua ikinyesha watu wasije hakuna unachodaiwa.

Bei zote naandika kwa pauni, hata kwa mteja wa Marekani. Ukiuza kwa dola na pesa ikaingia kwenye akaunti ya pauni, Stripe wanakata asilimia 2 nyingine kwa kubadilisha.

Mwisho, asilimia 10 ya mauzo ya kadi naiacha kwenye akaunti ya pembeni kwa siku 120, ndipo naihesabu kuwa yangu. Ndiyo iliyolipia posta Ramadhani ile.

Ukishafungua yako, usitangaze kwanza. Mwombe rafiki anunue kitu cha pauni moja kwa kadi yake, siyo wewe kwa kadi yako mwenyewe, kwani kujilipa hawaruhusu. Mwambie akutumie picha ya taarifa yake ya benki uone jina lililotokea. Hesabu siku mpaka pesa ikufikie. Halafu mrudishie pauni yake, uone ni peni ngapi hazikurudi.